Habari Isiyolika Haiandikwi

Kuku alilia mwishoni mwa ule ujumbe wa sauti, kisha ukakatika. Kuku huyo ndiye aliyeninyima usingizi. Kama aliyerekodi alicheka baada ya kusema aliyoyasema, kicheko chake kilimezwa na kuku. Kama hakucheka, basi nilikuwa nimechumbiwa nikiwa jikoni nachambua mchele, na sikujua nimuulize nani.

Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya mkutano: "Habari kutoka Igalula. Mhitimu Ndahani, mkulima wa zabibu, anatarajia kuoa. Mchumba ni Kabula, mwandishi wa habari zetu, akikubali. Naomba itangazwe baada ya kuthibitishwa, kama kanuni zinavyotaka." Halafu kuku.

Ndahani ni Mgogo, mimi ni Mnyamwezi, na makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara. Babu zao waliwatoza babu zetu hongo ya kupita katika nchi yao. Babu zetu walipita humo na mizigo ya watu vichwani. Leo hakuna anayetoza wala anayebebeshwa. Yamebaki maneno, na kwa desturi yetu mtani anaweza kukuambia lolote, popote, hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Sasa mtu wa namna hiyo akisema anataka kukuoa, unajuaje? Nikicheka na kumbe ni kweli, hatasema tena. Nikiitikia na kumbe ni utani, wahitimu wote kuanzia Usoke hadi Igalula watanicheka mpaka nizeeke, na watakuwa na haki.

Nilikesha nikipanga majibu. Nilipata majibu mengi mazuri, yote yakimfaa mwanamke mwingine.

Nitafika huko. Kwanza kazi, maana haya ni maneno ya mstaafu kwa wanaobaki kazini, na hasa kwako Zainabu, mdogo wangu, unayeshika nafasi yangu. Najua mnacheka. Sijafika hata miaka thelathini. Tangu isikike kwamba nimeacha, wahitimu wa rika langu wananiamkia shikamoo kila tukikutana sokoni, nami nawaitikia marahaba kwa sauti ya bibi mwenye goti bovu. Lakini kazi nimeifanya na nimeiacha, na anayeacha kazi ana haki ya kusimulia.

Kazi yenyewe haina cheo. Mafunzo yetu ya uongozi wa kilimo huchukua wakulima na vijana wa vijijini, awamu baada ya awamu, yakawafundisha kupima udongo, kuendesha kikundi na kusimama mbele ya watu bila kutetemeka, kisha yakawarudisha makwao. Wakisharudi, wenzao wanataka kujua nani amechimba bwawa, nani amechaguliwa kuongoza kijiji, nani amejifungua, nani amefiwa. Mtu mmoja huzikusanya habari hizo. Huziandika kwenye karatasi moja inayobandikwa katika ofisi za vijiji, na huzisoma kwa sauti katika kundi letu la simu, kwa sababu anayepalilia hawezi kusoma lakini anaweza kusikiliza. Kwa miaka minne mtu huyo alikuwa mimi.

Aliyenitangulia ni Mama Sizya wa Usoke, Mmoraviani, mhitimu wa awamu ya kwanza kabisa. Siku yangu ya kwanza nilifika kwake na viatu nilivyovaa kwenye mahafali ya chuo, na mpango kazi wenye majedwali na rangi tatu. Nilikuwa nimeuandika upya mara nyingi hata nikaanza kuota majedwali. Mama Sizya aliupokea kwa mikono miwili, akausoma wote bila kuruka ukurasa, akasema ni mzuri sana. Kisha akautandika juu ya kigoda, maana kilikuwa kibichi kwa mvua, akaukalia. Baada ya hapo akanipa kijiko.

Kilikuwa kijiko cha kawaida, kimepinda kidogo shingoni. Nilikigeuza huku na huku. Nilidhani ni mtihani, nikamuuliza kinaashiria nini.

"Kinaashiria kula," akasema. "Mdomo wa mkulima huvuna zaidi ya shamba lake, mwanangu. Akikwambia amevuna viazi, nenda ukavile. Habari isiyolika haiandikwi."

Kanuni ya pili aliitoa akinisindikiza: mwandishi haandiki habari zake mwenyewe. Siku ukiwa habari, unaacha kijiko. Yeye mwenyewe alikuwa anakiacha kwa sababu hiyo. Bani lake la kukaushia tumbaku alikuwa ameligeuza ghala la asali la kikundi cha wanawake, na watu walikuwa wanauliza mbona jambo kubwa namna ile halisikiki kwenye habari za wahitimu. Angejiandika yeye, nani angekuja kuonja?

Kanuni ya tatu ilikuwa fupi. Habari za msiba hazionjwi. Kwa hizo unakwenda na kuni, unachota maji, unakaa, na ukirudi unaandika jina la marehemu bila kosa. Hiyo sijawahi kuifanyia mzaha na wewe usiifanyie.

Habari yangu ya kwanza ilikuwa ya viazi. Kikundi kimoja cha Uyui kilikuwa kimejifunza kukausha viazi vitamu kwa usafi, juu ya vichanja badala ya mchangani, na kila kaya ilitaka nithibitishe vya kwake. Nilikula michembe, vile vilivyokaushwa vibichi na kupikwa na karanga. Nilikula matobolwa, vile vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Kwenye nyumba ya tatu nilijiuliza ni kiasi gani kinatosha kuthibitisha habari. Kijiko kimoja si kidogo mno? Sahani nzima si upendeleo? Nilijificha nyuma ya choo nikampigia Mama Sizya.

"Kula mpaka mwenye nyumba atabasamu," akasema, na akakata simu.

Tatizo ni kwamba kuna wenye nyumba wasiotabasamu upesi. Nilirudi Tabora mjini nyuma ya pikipiki nikiwa nimekaa upande mmoja, siwezi kuinama.

Vifaa vya kazi hii ni vichache. Simu inayotunza chaji. Kanga ya akiba. Karatasi, na gundi ya unga wa muhogo kwa ajili ya kubandika, kwa sababu gundi ya dukani mbuzi wanaipenda zaidi. Maji yako mwenyewe. Kijiko. Usirekodi karibu na mashine ya kukoboa, na usirekodi chini ya bati mvua ikinyesha. Kuhusu kuku nitasema baadaye.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi na karibu zote zilinivimbisha mahali fulani. Huko Usoke mzee mmoja alikuwa amepunguza tumbaku akatundika mizinga msituni, mingine ya magome kama ya baba yake, mingine ya mbao kama alivyofundishwa. Alikataa kunionjesha asali kutoka kwenye ndoo. Alisema asali ya ndoo inaweza kuwa ya mtu yeyote. Tukaenda kwenye mzinga wenyewe. Nyuki mmoja alinichoma mdomoni, nami kwa sababu ya kuogopa kuchelewesha habari nilirekodi palepale. Jioni kundi zima lilikuwa linauliza yule babu aliyesoma habari za Usoke ni nani, na kwamba ana sauti nzuri, aendelee.

Kulikuwa pia na majirani wawili wa awamu moja, kila mmoja akidai yeye ndiye wa kwanza kufuga samaki kijijini kwao. Nilikula samaki kwa wa kwanza asubuhi na kwa wa pili mchana. Niliandika kwamba samaki wa kwanza wameliwa katika mabwawa mawili siku moja. Aliyetajwa wa pili akanuna. Nikarekodi upya nikianza na yeye. Akanuna wa kwanza. Mwisho nikatuma zote mbili kwa pamoja, na wao wakapatana kwa kukubaliana kwamba mwandishi ndiye mwenye matatizo. Hadi leo wanavuliana samaki. Kama kuna lolote nililochangia katika uongozi wa kilimo wa mkoa huu, ni hilo.

Sasa Igalula.

Mara ya kwanza nilikwenda kwa sababu mhitimu mmoja, Mgogo aliyehamia huko na mama yake, alituma habari kwamba amevuna zabibu. Zabibu ni za Dodoma, hilo kila mtoto anajua. Huku kwetu mvua ni nyingi zaidi na hakuna aliyekuwa amejaribu, angalau kwa ninaowafahamu. Nilishuka kwenye treni, nikafuata njia niliyoelekezwa, nikakuta fimbo imelazwa katikati ya kijia na kijana amechuchumaa kando yake.

"Hongo," akasema.

Nilimpa kitambulisho. Ndiyo, nilidhani ni ukaguzi. Akakisoma, akaona jina langu na mahali nilipozaliwa, akacheka mpaka akakaa chini. Alisema tangu misafara iishe hajapata Mnyamwezi wa kumtoza na sasa ameletewa hadi mlangoni. Nilipata pipi moja mkobani, nikalipa, fimbo ikaondolewa.

Zabibu alizovuna zilikuwa kichala kimoja, na kichala chenyewe kilikuwa na punje za kuhesabika. Nilionja moja. Uso wangu ulikunjana ukakataa kukunjuka.

"Andika basi kwamba zipo," akasema.

Nikamwambia kuwepo si habari. Habari isiyolika haiandikwi. Nilisema kwa ukali kidogo, kwa kuwa macho yalikuwa yananitoka machozi.

Hakubisha. Alinitazama kama mtu aliyepewa kipimo, akaitikia kwa kichwa. Kisha akanitwisha boga. "Beba, mpagazi," akasema. "Njia babu yako anaijua." Nikamjibu kwamba Mgogo hata mvua ikimkuta njiani anaidai hongo. Nilikuwa sijawahi kumtania mtu nisiyemjua, na nilitembea hadi kituoni na boga kichwani nikijirudia lile jibu, nikijiuliza kama lilikuwa zuri kweli, na kama lilikuwa zuri, mbona nilikuwa natabasamu peke yangu mbele ya abiria.

Mwaka wa pili mchwa walikula nguzo zote na mizabibu ikalala chini. Hongo ikalipwa, nikarudi na karanga kichwani. Mwaka wa tatu aliweka nguzo alizozichoma ncha na kuzipaka oili chafu, mizabibu ikasimama vizuri, halafu ukungu ukaingia wakati wa masika na vichala vikageuka kijivu. Nilimkuta amesimama kati ya mistari, hana fimbo. Alipokumbuka, alikwenda kuitafuta na kuilaza njiani, ndipo nikapita. Alisema amegundua kosa: anapogoa kwa kalenda ya Dodoma. Akibadili wakati wa kupogoa, zabibu zitaiva kiangazi, wakati ukungu hauna nguvu. Nikamwambia hiyo ndiyo habari nzuri kuliko zote alizowahi kunipa. Akasema bado hailiki. Siku hiyo alinitwisha mihogo, na mzigo haukuwa mzito kama kawaida.

Kati ya safari na safari, utani uliendelea kwenye kundi. Nikisoma habari, yeye hutuma ujumbe kuuliza kama mpagazi amefika salama. Mimi huandika chini ya orodha: Igalula, zabibu, bado. Wahitimu walianza kufungulia habari kwa ajili ya mstari huo wa mwisho.

Ndivyo ilivyokuwa kiangazi hiki ulipokuja ule ujumbe wenye kuku.

Asubuhi baada ya kukesha nilipanda gari hadi Usoke. Mama yangu, ambaye alikuwa ameusikia ujumbe kupitia ukutani kila nilipouchezesha, hakuniuliza ninakokwenda. Alisema tu, akifagia, kwamba Waanglikana kama kina Ndahani nao husali Jumapili kama sisi.

Mama Sizya alikuwa ghalani anachuja asali. Nilimchezeshea ujumbe. Akataka ausikie tena, sikio karibu na simu.

"Amecheka mwishoni?"

Nikamwambia kuku amelia hapo hapo, hakisikiki kitu. Nikamweleza hoja zangu kwa mpangilio. Kwanza, amesema "akikubali", na mtani haombi ruhusa. Lakini pili, ametumia neno "kanuni", na hilo ni la kunikejeli. Tatu, sauti ni tulivu mno. Lakini nne, watani wazuri huwa watulivu. Nikamuuliza kama nisubiri. Kama ni kweli, si atamtuma mshenga kwa baba?

"Mshenga?" akasema. "Mimi nimewahi kuletewa mshenga wa utani na mbuzi wa kuazima. Tulimla mbuzi, tukagombana na mwenye mbuzi. Mtani hana mpaka." Akainamisha ndoo ili asali iishe kutiririka. "Habari imekuja kwako kama habari. Ifanyie kazi kama habari. Kijiko unacho?"

Nilikuwa nacho.

"Basi usikae hapa kunichafulia asali kwa machozi. Nenda ukaonje. Na ujue, Kabula: ikiwa kweli, unakiacha."

Hapo ndipo niliposhituka upya. Nilikuwa nimewaza kuchekwa, nimewaza baba, nimewaza lugha nitakayozungumza na mama yake. Sikuwa nimewaza kijiko. Nilikuwa nimekwisha kukipenda. Njia yote ya kurudi Tabora nilikishika mfukoni kama mtu anayebeba nauli ya mwisho, na mara kadhaa niliamua kwamba ni utani, ili kibaki.

Kesho yake nilipanda treni ya Igalula.

Fimbo haikuwepo njiani. Nilisimama pale pale nilipozoea kusimamishwa, pipi ya hongo mkononi, na hakuna aliyenizuia. Hiyo ilinitia hofu kuliko jambo lolote. Nilipita taratibu, nikitazama vichakani, nikidhani nitarukiwa.

Ndahani alikuwa kwenye mizabibu. Alikuja akifuta mikono kwenye suruali.

"Karibu, Kabula," akasema. "Pole na safari."

Kabula. Kwa miaka minne nilikuwa mpagazi. Zainabu, hakuna kinachotisha duniani kama mtani mwenye adabu.

Nikamwambia nimekuja kuthibitisha habari. Nilitamka hivyo hivyo, kwa sauti ya kusomea karatasi, na nikatoa kijiko. Kijiko, kwa ajili ya zabibu. Siku nyingine yoyote angepata utani wa kumtosha mpaka masika. Alikitazama tu. Kisha akakata kichala, akakisuuza kwenye beseni, akanipa.

Nilikula punje moja nikangoja uso ukunjane. Haukukunjana. Nilikula ya pili ili kuthibitisha ya kwanza, na ya tatu kwa sababu zangu binafsi. Zilikuwa tamu, tamu za kushangaza, na joto la jua lilikuwa bado ndani yake.

"Zinalika," nikasema.

"Uliniambia habari isiyolika haiandikwi," akasema. "Nikaona basi nisiseme mpaka zilike."

Nilibaki na kichala mkononi. Nikawafikiria wale mchwa. Nikafikiria nguzo zilizochomwa ncha, na ule mwaka wa ukungu aliposema bado hailiki, na mimi nikadhani tunazungumza kilimo. Nilikuwa nimekesha kumchunguza kuku, kumbe jibu lilikuwa linapogolewa Igalula msimu baada ya msimu.

"Leo hongo hakuna?" nikauliza, kwa kuwa ilibidi niseme kitu.

"Hakuna."

"Na mzigo?"

Kikapu kilikuwa chini ya mzabibu, kimejaa. Alikitazama, akanitazama.

"Mzigo upo," akasema. "Sijui tu unaelekea wapi."

Kutoka pale kuna njia mbili. Moja ndiyo ile ya kituoni, niliyoipita na boga, na karanga, na mihogo. Nyingine ni fupi, inakwenda nyumbani, na mwisho wake mama yake alikuwa amekaa uani anapepeta mtama. Nilifikiri. Nilimfikiria baba, na mshenga ambaye bado hajatumwa, na kanisa lipi, na watakavyosema kwenye kundi, na kama kikapu cha zabibu huvuja, na blauzi yangu ilikuwa nyeupe. Nilifikiri kwa urefu wangu wa kawaida, naye akangoja kwa urefu wake wa kawaida, ambao sasa nilikuwa naujua.

Kisha nikainama, nikajitwisha kikapu, nikashika njia fupi.

Mama yake alikuwa amezoea kuniona mgongo tu, nikiondoka na mizigo ya shambani mwao. Alipoona safari hii mzigo unakuja na uso, aliweka ungo chini na kupiga vigelegele kabla mtu yeyote hajamwambia neno. Nyuma yangu nikasikia Ndahani anacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeacha kubana pumzi, na safari hii hakukuwa na kuku wa kukifunika.

Kikapu kilivuja. Nilikitua jikoni kwao, nikaosha uso, kisha nikaosha kijiko pia. Nilikikausha, nikakifunga ndani ya kanga, nikampigia Mama Sizya nikamwambia atafute mwandishi mwingine.